Mbwa Aliyedai Nguo za Marehemu

Kila kijana mpya aliyeletwa ofisini kwangu alikuwa anakaa siku mbili tatu kwa adabu, halafu macho yanamshuka kwenye mkono wangu wa kushoto. "Mzee, hilo kovu?" Wengine walikuwa wameshaambiwa ni chui. Mmoja alisema eti ni panga la kilabuni, na huyo nilimtuma kwenye josho kuogesha ng'ombe wiki nzima. Ni mbwa, jamani. Katika miaka yote niliyoshika mbwa wa watu, wenye kichaa na wenye akili zao, nimeumwa mara moja tu. Na aliyeniuma hakuwa na kichaa, hakuwa na maumivu, wala sikumchokoza. Sasa nimestaafu, nimepata nafasi ya kuandika, ili msiendelee kunitungia chui. Habari za vyeo na mishahara sitaandika, hayo mtayaona wenyewe.

Nilianza kazi Mbeya katika miaka ya hamsini, kijana wa Tukuyu mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Bwana Melkiori, msaidizi wa mifugo wa zamani, Mhehe wa Iringa, mtu mfupi, sauti ya chini, na koti la kaki asilolivua jua wala mvua. Koti lile lilinuka dawa ya josho, tumbaku na moshi wa kuni. Mnaujua ukungu wa Mbeya, unashuka hata saa nne asubuhi mtu asimwone jirani yake. Tukiwa njiani milimani mara nyingi nilikuwa simwoni kabisa, nafuata harufu ya koti tu, na sikuwahi kupotea.

Alinionyesha vyombo vya kazi ya mbwa. Fimbo ndefu ya mwanzi yenye kitanzi cha kamba mwishoni. Ngozi ngumu za kufunga miguuni. Karai. Mche wa sabuni ya kufulia. Nikauliza, "Na bunduki, bwana?" Akanitazama kama niliyeomba mke wake.

"Bunduki ni ya kesi iliyokwisha kutushinda," akasema. "Sabuni ndiyo ya kwanza. Mtu akiumwa, mwoshe kidonda kwa maji na sabuni mpaka alalamike mkono umekufa ganzi. Akilalamika, anza tena. Halafu apelekwe hospitali, hata kama mganga wa jirani amekwisha kumpaka majani."

Hilo lishikeni mpaka leo. Na mengine aliyonifundisha ni haya. Mbwa anauma kwa hofu kuliko kwa ukali. Anauma akishtuliwa, akiguswa penye maumivu, akisogelewa anapokula au penye watoto wake. Ukimkimbia, anakuona windo. Ukimkazia macho, anaona unamtaka ugomvi. Simama, geuza ubavu, sema naye, mwache anuse. Mbwa wa mnyororo usimsifu kwa ukali, maana mnyororo ndio unaomharibu. Na kuhusu mwenye mali alikuwa na msemo wake mmoja: "Mwenye chungu ndiye mwenye meno." Yaani anayemlisha mbwa ndiye atakayejibu akiuma. Watu wote wana mbwa mzuri siku akifukuza mwizi, lakini siku akimuuma mtoto wa jirani, mbwa anakuwa wa kijiji.

Kesi yenyewe ilitoka Umalila, kwenye milima ya mianzi na mashamba ya pareto. Jumbe wa huko alileta mtu mjini kusema kuna mbwa ameuma watu watatu, na kwamba tuje upesi kabla watu hawajachoma nyumba. Nikadhani amekosea kueleza. Mbwa ameuma, nyumba imeingiaje?

Tulisukuma baiskeli kutwa. Jumbe alitupokea njiani, mzee mwenye kikohozi, akatueleza tukitembea. Kulikuwa na mtu wa pale, Yoramu, aliyekwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Akafia huko kwa homa, akazikwa huko. Kilichorudi nyumbani ni sanduku la nguo zake. Mjane wake, Ruti, alikuwa amebaki na nyumba, shamba la pareto, na mbwa mzee wa mumewe. Mbwa huyo aliitwa Watasema. Watu wa kule wakiwa na neno la kuwaambia majirani hulifanya jina la mbwa, kisha humwita kwa sauti kubwa.

"Mdogo wa marehemu, Ezekia, alitaka kumrithi yule mama," jumbe akasema. "Mama akakataa. Amesema yeye ni mkristo na mume wake alikuwa mmoja. Sasa tangu matanga yaishe mbwa anauma watu, na Ezekia anasema ni mama anamtuma. Watu wamekubali. Nikisema hapana bila sababu, watamfukuza usiku mimi nimelala. Nikisema ndiyo, nitamfukuza mimi. Bwana mifugo, nipe sababu."

"Anauma namna gani?" Bwana Melkiori akauliza.

Jumbe akasimama kidogo. "Hapo ndipo pabaya. Habweki. Anakuja mbio analia, analia kama mtoto aliyemwona mama yake anatoka sokoni. Mkia unacheza, mwili wote unacheza. Anakuegemea. Halafu anakuuma."

Nimewaona mbwa wa kichaa, hao wanatembea na udenda, hawamjui mtu. Lakini mbwa anayekuja akifurahi ndipo aume, huyo sikuwa nimefundishwa.

Tulimkuta Ruti uani kwake anachambua maharage, mama wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Hakuinuka kwa haraka. Mbwa alikuwa amelala kizingitini, mwekundu, mdomo umeota mvi. Bwana Melkiori akaniambia nibaki mbali, yeye akazungumza kwa sauti tangu langoni, akaja polepole, akasimama ubavu. Watasema akainua pua, akanusa, akalaza kichwa tena. Hakuna udenda, anameza vizuri, anakunywa maji.

"Mama, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Mmekuja kumpiga risasi?"

"Tumekuja kumtazama."

"Basi mtazameni na jioni," akasema. "Ukungu ukifika pale kwenye mianzi anainuka, anakwenda langoni, anatikisa mkia. Hakuna mtu. Anarudi taratibu, anageukageuka nyuma, kama vile anamleta mgeni. Halafu analala. Mimi nimeacha kuogopa. Nikiogopa nitakwenda wapi?"

Alisema hivyo huku anachambua, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa, lakini vidole vilikuwa vinatupa maharage mazuri pamoja na mabovu. Roho iliniuma. Mama yule hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu upande ule wa mlima. Akifukuzwa pale, alikuwa anafukuzwa duniani.

Sasa Bwana Melkiori alikuwa na kawaida yake ambayo wenzake walimchekea. Mtu akiumwa, alitaka aone na nguo aliyovaa. Sababu yake ilikuwa ya kazi tu: meno yakipita kwenye nguo nzito, udenda mwingi hubaki kwenye nguo, na tundu linaonyesha mbwa alivyouma, kama alidaka akaachia au aling'ang'ania. Kwa hiyo akamwambia jumbe kesho yake asubuhi wote watatu waje uani kwa Ruti, kila mmoja na nguo aliyoumwa nayo.

Wakaja, na kijiji nyuma yao. Ukungu ulikuwa mzito, watu wa mbele tunawaona nyuso, wa nyuma tunasikia kikohozi tu. Watasema alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Ezekia alikuja wa kwanza, mkono umefungwa kitambaa, akatupa kwenye meza iliyowekwa uani koti zito jeusi. Wa pili alikuwa mpwa wa marehemu, aliumwa akienda kanisani, akaweka sweta la kijani. Wa tatu mzee jirani, aliumwa pajani, akaweka suruali huku mke wake anamcheka. Bwana Melkiori akaingiza kidole kwenye tundu moja moja. "Amedaka akaachia," akaniambia. "Zote tatu. Huyu hakutaka kuua. Huyu alishtuka."

Hapo Ruti akatoka ndani na kibao cha kukalia wageni. Akafika mezani. Kibao kikamdondoka.

"Hizi nguo zote," akasema, "ni za mume wangu."

Nani angeliona? Mnajua mila. Matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa: ndugu koti, mpwa sweta, rafiki suruali, na kila mmoja huenda zake akavaa siku yake. Hakuna aliyezikusanya tena pamoja mpaka asubuhi ile. Zililala juu ya meza, koti juu, sweta katikati, suruali chini, na mikono ya koti imening'inia pande mbili. Ilikuwa kama Yoramu mwenyewe amelala pale. Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya msibani. Mtu mmoja kutoka kwenye ukungu akasema, "Anazidai. Alizikwa ugenini hana kitu, sasa anazidai nguo zake."

"Si niliwaambia?" Ezekia akapaza sauti. "Mwenye kuongea na wafu ni nani hapa? Jumbe, umesikia! Atoke leo!"

Nikaona mawe mikononi mwa watu. Kweli nawaambia, niliyaona, na wale hawakuwa watu wabaya. Jana yake walitupa viazi na maziwa. Bwana Melkiori hakugombana na mtu. Alichukua koti, akaenda akalitundika kwenye nguzo ya uzio, likiwa peke yake, akawaomba watu wakae kimya. Halafu akaniambia nimlete mbwa.

Nilimleta kwa kamba ndefu. Tulipofika katikati ya uwanja pua ikainuka. Ndipo nikakisikia kile kilio. Jamani, kilio kile! Alinivuta mpaka nikaanguka, akakimbilia nguzo, akajigonga nayo, akazunguka, akalilambalamba koti, akaingiza kichwa kizima ndani ya mkono wa koti, akatulia. Mkia unapiga chini taratibu. Mpwa wa marehemu, kijana mkubwa mwenye ndevu, alikuwa analia waziwazi.

"Umeona alivyojigonga na nguzo?" Bwana Melkiori akaniuliza. Akasogea, akazungumza na mbwa, akapitisha mkono mbele ya macho yake bila kumgusa. Hakupepesa. Macho yalikuwa na utando mweupe, na kwa ukungu ule na mvi zile hakuna aliyekuwa ametazama. "Haoni," akawaambia watu. "Anawajua kwa pua. Bwana wake aliondoka kwa miguu yake, akamwacha langoni. Huyu hajaona jeneza, hajaona kaburi. Kwake yeye Yoramu yuko safarini. Anasikia harufu ya Yoramu inakuja njiani, anakimbia kumpokea. Anamfikia, anamwegemea, chini ya koti kuna jasho la mtu mwingine, na mguu wa mtu mwingine unampiga teke. Wewe ukimkumbatia mama yako gizani, halafu ukasikia ni mwanamume usiyemjua, si utapiga ukelele? Yeye ukelele wake ni meno."

Mawe yakaanza kudondoka moja moja. Lakini Ezekia alikuwa mtu wa hesabu zake, akageuza maneno. Akasema vema, mbwa hana uchawi, ila ameuma, na walioumwa wanataka haki yao. Kwa desturi ya pale ilikuwa mbuzi kwa kila aliyeumwa. Jumbe akaketi kwenye kile kibao kilichoanguka, akauliza mbwa ni wa nani.

"Wa marehemu," Ezekia akasema.

"Na mali ya marehemu nani amerithi?"

"Mimi. Koti lile pale, kila mtu anajua."

"Basi mbwa ni wako. Toa mbuzi."

"Aka! Mbwa simtaki! Mimi mwenyewe ameniuma! Nyumba na shamba ndivyo vya ukoo, mbwa si kitu. Mbwa ni wa huyu mama, kwani analala kwa nani?"

Bwana Melkiori akakohoa kidogo, akatazama chini. "Mwenye chungu ndiye mwenye meno," akasema, kama anayejisemea.

Ruti alikuwa amesimama karibu na mbwa. Akajifunga khanga vizuri. "Mbwa ni wangu," akasema. "Anakula kwangu. Sikumtuma, lakini meno yake ni yangu, nami sikatai. Mbuzi ninao, watakuja asubuhi hii hii. Hata wa Ezekia nitatoa."

Jumbe akakohoa, akafuta mdomo. Halafu akasema hukumu ambayo nimeirudia kwenye mabaraza mengi baadaye bila kumtaja mwenyewe, anisamehe. "Ezekia, urithi si nyama ya buchani, uchague nundu uache kwato. Umekataa mbwa mbele ya watu hawa wote. Anayelipa makosa ya nyumba ndiye mwenye nyumba. Mama Ruti atakaa hapa mpaka Mungu amwite, na shamba lake, na mbwa wake."

Ezekia akaondoka bila koti. Hakuna aliyemwita alichukue.

Tulikaa pale siku zilizotakiwa za kumchunguza mbwa, naye akazidi kuwa mzima. Bwana Melkiori akaamuru zile nguo zichemshwe kwa sabuni, zianikwe juani, jua likipatikana, ndipo mpwa na jirani wavae. Akawafundisha watu kuita majina yao kabla ya kufika lango la Ruti, mpaka watoto wakafanya ni mchezo. Nilifunga uzio mpya wa mianzi mwenyewe. Hakuumwa tena mtu.

Jioni ya mwisho tulikuwa tumekaa kizingitini ukungu ulipofika kwenye mianzi. Watasema akainuka. Nguo zote zilikuwa zimekwisha chemshwa, zinanuka sabuni tu. Akaenda langoni, akatikisa mkia. Akarudi taratibu, anageuka nyuma, anasubiri, anakuja, mpaka akafika kwenye kibao kilichokuwa kitupu, akalala mbele yake. Nilijikuta nimesogeza miguu kupisha nafasi.

"Na hilo, bwana," Ruti akauliza polepole, "vitabu vyenu vinasemaje?"

Bwana Melkiori akavuta tumbaku yake. "Mama, vitabu vyetu vinaishia kwenye meno."

Baada ya hapo nilifanya kazi naye miaka kadhaa, kisha afya yake ikapungua, akarudi kwao Iringa. Nami nikahamishiwa huko huko kabla miaka ya hamsini haijaisha, nikafurahi, nikijua tutakunywa ulanzi pamoja Jumapili. Tulikunywa mara chache. Kifua kikamchukua msimu wa baridi. Nilikuwa safarini na chanjo ya ng'ombe, mazishi yakanipita. Niliporudi nilikuta kifurushi nimewekewa ofisini. Familia walikuwa wamemaliza matanga na kugawa nguo, na mimi, mtu baki, Mnyakyusa, walikuwa wamenipa koti la kaki.

Sikufikiri kitu. Nililivaa palepale, nikaingiza pua kwenye kola, nikalia mlango umefungwa. Dawa ya josho, tumbaku, moshi. Halafu nikapanda baiskeli kwenda kumpa pole mama, mjane wake.

Ilikuwa asubuhi, na ukungu umefunika lile bonde lao. Nilikuwa bado sijafikia lango nilipokisikia kile kilio. Nilikuwa sijakisikia tangu Umalila. Mbwa wa Bwana Melkiori, Posho, alitoka kwenye ukungu mbio, mwili wote unacheza. Kila dawa ya jambo lile niliijua. Ningeita jina langu. Ningesimama ubavu. Sikufanya hata moja, kwa sababu kwa dakika ile nilitaka afike. Niliinama, nikamnyoshea mkono wa kushoto.

Alidaka akaachia. Halafu hakunibwekea, hakunitazama. Alinipita, akaenda akasimama nilikotoka, akaanza kutikisa mkia taratibu.

Mama akatoka na ufagio. "Kamwene, mwanangu! Posho, we! Ee Mungu wangu, amekuuma! Watoto wanasema apigwe risasi, tangu mzee aondoke hana adabu, na mimi sijui hata ni wa nani sasa." Akatazama nyuma yangu, akaweka mkono juu ya macho. "Umefuatana na nani?"

"Niko peke yangu, mama," nikasema. Sikugeuka. "Na mbwa ni wangu."

Akaniosha kwa sabuni mpaka nikalalamika, akaanza tena. Jioni nikaondoka na Posho kwa kamba. Nyumbani nilitundika koti kwenye msumari karibu na mlango, akajilaza chini yake, na hapo ndipo alipolala mpaka alipokufa. Maji ya moto na sabuni nilikuwa navyo, na kazi yake niliijua kuliko mtu yeyote Iringa nzima. Koti sikulifua.